Safari ya Sardinia na Corsica: mabadiliko kidogo

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Ijumaa tunashuka Olbia, upande wa Sardinia, na kulala hapohapo. Jumamosi alfajiri tunapanda basi hadi Santa Teresa Gallura, ndipo feri ya kwenda Bonifacio, upande wa Corsica, inapoondokea. Mlango wa bahari wenyewe ni kama kilomita 12 tu, kuvuka ni karibu saa moja.

Umbali si tatizo, tatizo ni upepo. Mistral, ule upepo mkali wa kaskazini-magharibi, ikiingia kati ya visiwa hivi viwili inabanwa na kukaza, na siku mbaya feri hazitoki kabisa. Kwa hiyo wazo la kurudi Jumapili na kukimbilia ndege jioni hiyohiyo nimelikataa. Tunarudi Jumapili, ndege Jumatatu. Najua ni usiku mmoja zaidi wa kulipia. Nuneni tu, nimezoea. Wale wa kutapika kwenye daladala, mezeni dawa kabla ya kupanda, siyo katikati ya mawimbi.

Sardinia ni Italia, Corsica ni Ufaransa, na zote mbili ni Schengen (kwa kawaida hakuna ukaguzi wa pasipoti kati yao), lakini njooni na pasipoti na kibali cha ukaazi chenyewe, siyo picha kwenye simu.

Tukikaribia Bonifacio tokeni nje: mji umekaa juu ya majabali meupe ya chokaa, chini bahari. Kuna ngazi 187 zilizochongwa kwenye jabali hilo. Mwenye magoti mabovu abaki bandarini na kahawa yake, atulindie mabegi.

Nauli ya feri naikata Alhamisi, pesa zinifikie Jumatano usiku. Aliyeandika "nipo" bila kulipa, bado hayupo.