Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kifaru cha Type 59

Ndugu wanachama, ndugu wajumbe wa kamati tendaji, na wazee wetu mliofika, nawasalimu kwa heshima na nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi.

Shughuli za kawaida za chama chetu cha kujenga modeli za plastiki mnazijua. Warsha ziliendelea, wapya walifundishwa kukata vipande, kupiga msasa na kuziba nyufa kwa puti, kompresa iliharibika ikatengenezwa, na modeli zetu zilikaa mezani kwenye maonyesho ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Tulipokea wanachama wapya 4, sasa tuko 41. Sitayarudia hayo. Nataka muda wenu kwa ajili ya jambo moja ambalo limesemwa sana vibarazani na kidogo sana mkutanoni, nalo ni uamuzi wangu wa kuagiza modeli ya kifaru cha chama, Type 59, ivuliwe rangi yote na kupakwa upya.

Tuanze mwanzo, maana wengine wanasimulia kuanzia katikati. Mkutano mkuu uliopita ulipokea pendekezo kwamba modeli ya pamoja ya mwaka iwe ya Vita vya Kagera. Pendekezo lile lilikuwa langu na kumbukumbu za mkutano zipo. Kulikuwa na ndugu waliotaka Tiger, kifaru cha Wajerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu picha zake ni nyingi na kila rangi yake inauzwa tayari kwenye kichupa. Nilisema, na leo narudia, kwamba Tiger inajengwa na dunia nzima. Vifaru vya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) vilivyoingia Uganda mwaka 1979 tusipovijenga sisi, tunamngoja nani?

Wapo pia waliolalamikia skeli, yaani kipimo cha modeli, kwamba 1/72, ndogo mara 72 kuliko kifaru halisi, ingetupunguzia gharama kuliko 1/35 yetu. Ni kweli ingetupunguzia. Lakini bodi ya Type 59 ina urefu wa kama mita 6. Kwa 1/35 unapata sentimita 17 hivi, kwa 1/72 sentimita 8 na kidogo. Mtoto wa shule anayesimama mbele ya meza hawezi kuona tope kwenye kitu kidogo vile, na tope ndiyo habari yenyewe.

Type 59 ni T-54A ya Kisovieti iliyotengenezwa China: tani 36, mzinga wa milimita 100, askari wanne ndani. Kati ya gurudumu la kwanza na la pili kuna pengo kubwa kuliko mapengo mengine, na juu ya kile kichwa kinachozunguka, upande wa kulia, kuna kifuniko cha feni ya hewa chenye umbo la kuba. T-55, kifaru cha Kisovieti kilichofuata T-54, haina kuba hiyo. Nilisimamia jambo hili mwenyewe, kwa sababu majeshi ya Amin yalikuwa na T-55, na mtu akiisahau ile kuba anakuwa amekijenga kifaru cha adui. Ujenzi ulikwenda vizuri na nawapongeza waliofika.

Tatizo lilikuja kwenye kuchakaza, yaani kuifanya modeli ionekane imetumika. Kikundi kilichopewa kazi hiyo kilipiga kutu kila mahali. Kilitumia spreyi ya nywele kati ya rangi mbili, kikakwangua rangi ya juu kwa brashi yenye maji, kikamwaga michirizi ya kahawia kutoka kila boliti hadi chini. Ufundi wenyewe ulikuwa mzuri, sijawahi kusema vinginevyo. Lakini kifaru kilitoka kama meli iliyozama.

Jeshi letu liliundwa mwaka 1964. Vita vilianza mwisho wa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu akalitangazia taifa kwamba nia, sababu na uwezo wa kumpiga Amin tunavyo. Kwa hiyo kifaru chochote cha JWTZ kilichokwenda vitani kilikuwa hakijatimiza hata miaka 15 ya utumishi, na kilikuwa na askari wake wa kukisafisha na kukipaka mafuta kila siku. Kutu ya namna ile ni ya gari lililotelekezwa. Kuliweka hilo mezani siku ambayo taifa linawakumbuka mashujaa, wengine wao wakiwa wamelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa mkoani Kagera, ningeona ni kuwavunjia heshima. Mzee mmoja aliyepigana vita vile alikitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama tumejenga kifaru cha Amin kilichoachwa porini. Baada ya swali lile sikuhitaji ushauri mwingine.

Ndugu walioupinga uamuzi wanasema udongo wa Kagera na Buganda ni mwekundu, kwa hiyo rangi ni ileile, kutu au tope. Hoja hii nimeitafakari kwa uzito, kwa sababu nusu yake ni kweli. Wekundu wa udongo ule unatokana na oksidi ya chuma kama ulivyo wa kutu, na poda moja ya rangi inaweza kutumika kwa vyote viwili. Kinachotofautisha ni mahali. Tope hurushwa na cheni ambazo kifaru hutembelea: linajaa chini ya madigadi, linaganda kati ya magurudumu, linapanda bodi kwa nyuma, na likikauka linapauka kwanza kwenye kingo. Kutu haina njia hiyo. Yenyewe hukaa palipokwaruzwa na kwenye ekzosi, ambayo kwa Type 59 iko madigadi ya kushoto, nyuma, pamoja na masizi ya dizeli. Cheni ikitembea kila siku husuguliwa na ardhi mpaka sehemu inayokanyaga chini inang'aa. Na pale modeli yetu ilikuwa na kutu mpaka kwenye mpira wa magurudumu! Mpira haushiki kutu, ndugu zangu.

Tulivua rangi kwa spiriti, kwa sababu ilikuwa ya akriliki. Aliyependekeza thina ya magari nilimkatalia palepale, maana ingeyeyusha plastiki na tungepoteza seti nzima. Tukapiga praima upya, kijani cha aina moja tu, vanishi ya kung'aa, kisha rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwenye mifereji tu, na mwisho poda nyekundu na vanishi isiyong'aa. Kazi ya kupuliza ilifanyika mchana, unyevu ukiwa umepungua, kwa sababu unyevu wa Dar es Salaam ukizidi vanishi inatoka na ukungu mweupe. Kupuliza na tope la chini ya madigadi nilifanya kwa mkono wangu. Wageni waliinama kutazama tope lile kuliko kitu kingine chochote mezani.

Naambiwa sikuitisha kamati. Niliiitisha, akidi haikutimia. Niliiitisha tena, tukawa watatu. Maonyesho yalikuwa yanakaribia na katiba yetu inampa mwenyekiti mamlaka ya kuamua jambo la dharura. Waliokuja siku ya kupaka upya walikuwa 7, na katika hao 7 hakuna hata mmoja aliyelalamika. Malalamiko yote yametoka kwa ambao hawakuwepo.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Mikutano 12, na 5 kati yake haikufikia akidi. Wanachama 41, waliolipa ada ni 23. Salio la mwaka juzi shilingi 312,000, ada 1,380,000, viingilio 80,000, jumla 1,772,000. Matumizi: chumba na umeme 480,000, seti mbili 390,000, rangi, gundi na misasa 265,000, kompresa 140,000, chai na usafiri 160,000, na kupaka kifaru upya 87,000. Jumla 1,522,000, salio 250,000. Ada ambazo hazijalipwa ni 1,080,000. Ndugu wanachama, inaniuma kusikia mtu ambaye hajatoa hata mwezi mmoja wa shilingi 5,000 akihoji hizo 87,000. Majina ya wadaiwa anayo mweka hazina. Sijayabandika ukutani kwa kuwaheshimu, lakini subira yangu ina kikomo.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia kujenga Type 62, ndugu mdogo wa kifaru hiki, mwenye tani 21 na mzinga wa milimita 85, ambaye naye alikuwa vitani upande wetu. Tunatarajia pia kuanzisha kikundi cha vijana katika shule moja au mbili, na Mungu akijalia na fedha zikiruhusu, kufanya safari ya Kaboya. Kamati italiangalia pia suala la chumba kikubwa zaidi chenye dirisha la kutoa hewa, maana hiki tunachotumia kinatuchosha kwa harufu ya thina.

Fomu za ada ziko mlangoni, kwa mweka hazina. Ndugu wanachama, naomba kuwasilisha.