Ekzosi ya mkonga wako: ivute, isiwapigie wageni kelele

Uyole, Mbeya

Kaka Gaudence,

Kamwene! Huku sote wazima. Baridi ya Uyole unaijua, haina haja ya kuelezwa. Mzee anakusalimu na anauliza ule ulanzi wa Iringa uliomwahidi umeishia njiani au umeishia kwako.

Ujumbe wako niliusoma, ila mambo ya ekzosi ya mkonga, hiyo Land Cruiser yako, hayaishi kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia. Unasema fundi wako anataka bomba la inchi tatu kuanzia kwenye turbo hadi nyuma, moja kwa moja, sailensa (lile kopo la kupunguza kelele) itupwe, na anakuapia kwamba gari litaruka. Kwenye inchi tatu namuunga mkono. Kwenye sailensa mkatalie, hata akikupunguzia bei. Wewe unapeleka wageni hifadhi ya Ruaha. Mgeni aliyekaa siti ya nyuma tangu Iringa mpaka Tungamalenga huku bomba linamvumia kichwani, ukifika getini hana hamu ya kusikia habari za tembo.

Nianze na upana wa bomba, maana hapo ndipo watu wanabishana sana vijiweni. Injini yako, 1HZ ya dizeli, ilitoka kiwandani bila turbo, yaani bila feni ya kuisukumia hewa, silinda sita, cc 4,164, injini ya subira. Kama ingebaki hivyo ningekwambia usihangaike: inchi mbili na nusu zinatosha, na hela iliyobaki nunua matairi. Lakini umeshafunga turbo. Turbo inazungushwa na moshi huo huo unaotoka, sasa moshi ukikutana na njia nyembamba huko mbele, turbo inachelewa kuamka na joto linabaki kwenye injini. Na 1HZ haipendi joto. Dizeli yake huanza kuwaka kwenye vichumba vidogo vilivyomo ndani ya silindahedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, na hedi ikizidiwa, mara nyingi nyufa huanzia hapo. Kwa hiyo unapopanda mlima Kitonga umejaza watu na mizigo, bomba pana linalinda hedi kwanza, nguvu baadaye. Kama bado hujafunga geji ya joto la moshi, ifunge, kipimo chake kikae kabla ya turbo. Mshale ukiikaribia nyuzi 700 punguza mguu au rudisha gia, usisubiri kilele.

Jambo moja kabla sijasahau. Sisi tunaishi juu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni pungufu kwa asilimia 15 hivi ukilinganisha na ya Dar. Gari likitoa moshi mweusi huku, mafuta yameizidi hewa. Angalia chujio la hewa, angalia mabomba ya turbo kama hayavuji, kisha mpe fundi wa pampu ya dizeli airekebishe. Bomba jipya halitibu pampu iliyofunguliwa kupita kiasi.

Sasa kelele. Vijana wa Soweto na Mwanjelwa hapa Mbeya wanaotaka wasikike mpaka Mbalizi waache na starehe yao. Kelele ya nje si shida yako kubwa. Shida yako ni ule mvumo wa ndani, unaokuja ukiwa kwenye mwendo mmoja tu, unabana masikio, kisha ukiongeza au kupunguza mwendo unapotea. Fundi atakwambia ndiyo dizeli ilivyo. Si kweli, na hesabu yake ni rahisi. Injini ya silinda sita hupiga mara tatu kila inapozunguka mzunguko mmoja. Ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, hiyo ni mipigo 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa sekunde. Bodi ya mkonga, ndefu na tupu, paa bapa, madirisha mapana, hupokea vizuri sana sauti nzito za namna hiyo. Na mizunguko hiyo ndiyo unayokaa nayo muda mrefu ukiwa nyuma ya malori ya Tunduma, huwezi kupita, huwezi kupunguza zaidi.

Turbo yenyewe inameza sehemu ya kelele, ndiyo maana fundi anaona sailensa haina kazi. Anachokisahau ni kwamba turbo inapunguza zaidi ule mlio mkali, lakini ule mzito unapita. Sailensa nazo ni za aina mbili. Kuna ile ya kizamani inayozungusha moshi kwenye vyumba vya ndani; inatuliza vizuri ila inabana. Kuna ile ambayo bomba lake limetobolewa matundu na kuzungushiwa pamba ya kioo. Moshi unapita wazi. Kwa gari lenye turbo chukua hii ya pili, lakini chukua ndefu na nene kadiri nafasi chini ya gari inavyoruhusu. Zile fupi zinazong'aa wanazouza kama mapambo usiziguse. Pamba yake hulowa masizi, huungua, na baada ya muda unabaki na kopo tupu.

Sailensa hiyo ndefu ikae katikati, na nyuma ya ekseli ongeza nyingine ndogo. Kisha lijaribu gari barabarani kabla hawajachomelea viungo vya mwisho. Waambie waviguse kwa nukta tu, vizima watavichomelea baadaye. Mvumo ukibaki, kuna dawa ambayo mafundi wetu wengi hawaijui ingawa wanaweza kuitengeneza kwa kipande cha bomba kilichobaki: tawi lililozibwa mwisho. Unatoboa bomba kuu, unachomelea pembeni bomba ambalo mwisho wake umefungwa kabisa, unalilaza sambamba na chesisi. Moshi hauna pa kupita humo, ila sauti inaingia, inagonga mwisho, inarudi ikiwa imepishana na ile inayokuja, zinauana. Urefu wake ndio siri. Moshi ukiwa na joto la nyuzi 200 hivi, sauti husafiri humo zaidi ya mita 430 kwa sekunde. Kwa mipigo 100 kwa sekunde, wimbi moja ni kama mita 4.3, na tawi linatakiwa liwe robo yake, yaani mita moja na sentimita chache. Tena bomba lililozibwa hupoa kuliko bomba kuu, hivyo urefu unaofaa kwa kweli huwa pungufu kidogo. Anza na refu, jaribu, kata kidogo kidogo. Kama mvumo wako unakuja mizunguko mingine, piga hesabu upya: mizunguko zidisha kwa tatu, gawanya kwa 60. Na kama dashibodi yako ni ya zile zisizo na mshale wa mizunguko, mwambie fundi akuazimie kipimo. Usikisie.

Gari langu lina tawi hilo. Kwenye zile kona 57 za kutoka Chimala kupanda Matamba, nikifunga vioo, bibi aliyekaa benchi la nyuma na kuku wake anapiga soga na mimi bila kupaza sauti. Anapaza kwa sababu nyingine, hasa tukikutana na fuso la viazi kwenye kona.

Lakini hata ukifanya yote hayo, kazi inaweza kuharibika kwenye vitu vya bei ndogo kabisa. Raba za kuning'inizia bomba. Mafundi wana haraka, wanachukua nondo, wanachomelea bomba kwenye chesisi, wanakwambia hapa halitikisiki tena. Ndiyo, halitikisiki, ila sasa bodi nzima imegeuka ngoma. Injini ya 1HZ inacheza sana ikiwa inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta na ukikanyaga ghafla, kwa hiyo bomba lazima lipewe nafasi ya kucheza nayo: kipande cha bomba linalonyumbulika baada ya turbo, kisha raba kila sehemu ya kushikia. Raba za injini nazo ziangaliwe siku hiyo hiyo. Zikiwa zimelala, utalaumu ekzosi bure.

Kona za bomba mwambie asizikunje zikabonyea. Kama hana mashine ya kukunja bila kubonyeza, bora akate vipande na kuunga taratibu, asage kwa ndani penye weldi. Apime pia nafasi ya propela shafti gari likiwa limepandishwa tairi moja juu ya kitu, maana likiwa limesimama bapa kila kitu kinaonekana kina nafasi. Na mabomba ya breki yasikae karibu na joto.

Mdomo wa bomba usiishie chini ya gari, wala katikati chini ya mlango wa nyuma. Gari la umbo la sanduku likienda linaacha nyuma yake upungufu wa hewa unaorudisha vumbi na moshi, vyote vinaingia kwenye mipira ya mlango. Utoe pembeni, upite ukingo wa bodi kidogo, uelekee chini na nje. Ukishindwa hapo, wageni wako watatapika kabla ya kuona twiga, na moshi ule si harufu tu, unaua.

Kingine ni majani. Kiangazi kule Ruaha nyasi kavu hujikusanya kati ya bomba na chesisi, na bomba jipya huwa halijapita njia ile ile ya lile la zamani. Mahali penye kona karibu na kapeti ya sakafu weka bati la kukinga joto, na kila mkisimama kula pitisha mkono, au kijiti, utoe nyasi. Wapo waliounguza magari kwa uvivu wa kuinama.

Kapeti nzito, raba ya kwenye gia, mipira ya milango, hayo utayafanya mwenyewe nyumbani jioni moja. Yanasaidia kuliko watu wanavyodhani, hasa matundu ya sakafu ambayo raba zake zilishapotea.

Kabla fundi hajaanza kukata, lala chini ya gari unipigie picha kuanzia turbo hadi nyuma, upande wa chesisi wenye tenki uonekane. Ukinitumia kabla ya Jumamosi nitakuchorea tawi lipite wapi. Ukiamua kuja Mbeya kabisa, yuko mtu huku mwenye mashine ya kukunja, na mimi nitakupokea Uyole stendi. Ulanzi usisahau.

Msalimie shemeji na watoto. Mama yako mwambie nimempa shikamoo.

Wako,
Ambakisye