Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Kusaidiana katika Kazi za Tovuti

Ndugu Katibu, ndugu Mweka Hazina, ndugu wanachama mliofika hapa Tanga mjini na mnaotufuata kwa simu kutoka Muheza, Pangani, Korogwe na Lushoto: Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Fedha atazisoma Mweka Hazina, na mahudhurio yamo kwenye kabrasha la Katibu. Mimi nitabaki kwenye kazi iliyotukusanya: mtu anakwama kwenye tovuti anayoijenga, anauliza kwenye kundi, mwenzake anamkwamua. Mwaka huu kazi hiyo imekwenda, ila imekula muda kuliko inavyostahili, na muda mwingi umeishia kwenye kumdodosa muulizaji kabla hata tatizo halijaguswa.

Ujumbe uliotawala ni huu: "Wakuu, tovuti haifanyi kazi, msaada tafadhali," pamoja na picha ya kioo cha kompyuta iliyopigwa kwa simu, nusu yake imemezwa na mwanga wa dirisha. "Haifanyi kazi" inaweza kuwa ukurasa mweupe, hitilafu ya 500 (seva imeshindwa kazi ndani kwa ndani), fomu inayopokea lakini haihifadhi, au jina la tovuti ambalo mteja hajalilipia. Kila moja ina dawa yake.

Kamati inaomba kila swali lieleze ulitaka nini kitokee na nini kimetokea. Liwe na maneno ya hitilafu yenyewe, yamekopiwa kama maandishi ili mwenzako ayatafute. Taja toleo la PHP, lugha tunayoandikia tovuti, na la kanzidata inayotunza data, useme kama unaendesha kwenye XAMPP (seva ya majaribio ndani ya kompyuta yako) au kwenye seva ya kukodi, na ulibadilisha nini mara ya mwisho. Msimbo nao uwe mfupi. Tengeneza nakala ya folda, futa nusu ya msimbo, jaribu. Kosa likibaki, futa nusu ya kilichosalia. Likitoweka, rudisha ulichofuta na ufute upande wa pili. Faili ya mistari 1,000 hufika kwenye mstari mmoja au michache kwa hatua kama kumi, na wengi hulikuta kosa lao humo njiani, swali wasilitume tena.

Ukurasa mweupe wa PHP usiwatishe. Seva imewekwa isionyeshe makosa, na inayaandika pembeni, mara nyingi kwenye faili iitwayo error_log ndani ya folda ya tovuti. Isome kuanzia chini, kosa jipya liko mwisho. Kwenye kompyuta yako weka display_errors = On ndani ya php.ini, faili ya mipangilio ya PHP, halafu zima na kuwasha Apache, programu ya seva. Kwenye tovuti iliyo hewani usiwashe kitu hicho, maana ujumbe wa kosa humwonyesha mpita njia mpangilio wa folda zako, na wakati mwingine jina la mtumiaji wa kanzidata.

Sasa nitumie muda kidogo kwenye makosa matatu ambayo hayaishi.

La kwanza ni namba za simu. Mtu ametengeneza mfumo wa kupokea oda za machungwa, na wateja wote wanaonekana wana namba moja: 2147483647. Hiyo haina mwenyewe. Ndiyo kikomo cha safu ya aina ya INT, yaani ya namba kamili. Namba ya kwetu ikiandikwa kwa 255 ina tarakimu 12, haienei humo, na kanzidata ya MySQL ikiwa haijawekwa kwenye hali kali (strict mode) huikata kwenye kikomo na kuendelea na kazi kimya. Ikiandikwa kwa 0 mwanzoni inaenea, lakini ile sifuri inapotea. Kuanzia toleo la 5.7 hali kali huja ikiwa imewashwa, nayo ingekataa kwa ujumbe wa "Out of range value". Wapo walioizima ili iache kuwasumbua, na hapo wakajikosesha mlinzi wao wa pekee. Tumia VARCHAR(15), safu ya maandishi. Kabla ya kuhifadhi, ondoa nafasi, vistari na alama ya kujumlisha; ikianza na 0, weka 255 mahali pa hiyo sifuri; kisha hakiki kwamba tarakimu ni 12. Kwa data za zamani, zenye tarakimu tisa zinaokoleka kwa kuongezewa 255 mbele. Zilizokwisha kugeuka 2147483647 hazirudi hata ukibadili aina ya safu. Zitafutwe kwenye nakala ya akiba au kwenye meseji za wateja.

La pili ni alama ya ritifaa ('). Mifumo mingi inayoletwa kwetu huunganisha maandishi ya mteja moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kanzidata. Inakwenda vizuri hadi aje mteja anayeishi Ng'ambo, Unguja. Ritifaa ya kwenye ng' inafunga nukuu kabla ya wakati wake, amri inakatika katikati, fomu inagoma. Wapo wanaotibu kwa kuifuta ritifaa, mteja akajikuta anaishi Ngambo. Hilo ni kufunika tu, kwa sababu tundu lililofichuliwa na neno hilo la kawaida ndilo anapopitia mwizi wa data akiingiza amri zake. Dawa ni PDO, njia ya PHP ya kuzungumza na kanzidata, na amri zilizoandaliwa: unaandika alama ya kuuliza mahali pa thamani, thamani unaipitisha peke yake kwenye execute, nayo haisomwi tena kama sehemu ya amri. Na ukikuta mysql_connect kwenye msimbo uliokopiwa mahali, usihangaike kuufufua. Amri za familia hiyo ziliondolewa PHP 7.0 ilipotoka mwaka 2015.

La tatu ni saa. Seva nyingi huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Oda iliyoingia saa 00:30 inaandikwa 21:30 ya jana yake, na hesabu za siku za mwenye duka hazikai sawa hata siku moja. Weka date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam') kwenye PHP, na baada tu ya kuunganisha kanzidata tuma SET time_zone = '+03:00'. Wengi hufanya la kwanza wakasahau la pili, wakati NOW(), amri ya SQL inayotoa saa ya sasa, inafuata saa ya MySQL. Kwa wanaojenga mifumo ya nyumba za wageni na boti Pangani kuna jambo jingine tena: mgeni wa hapa akiandika "saa 2" anaweza kumaanisha 08:00 au 20:00. Msiache kisanduku kitupu, mpeni achague kipindi. Asubuhi, mchana na jioni jumlisha 6. Usiku na alfajiri jumlisha 18, jibu likifika 24 au kupita, toa 24. Mtego uko saa 12. "Saa 12 asubuhi" ni 06:00, na kanuni hiyo itakupa 18:00, kwa hiyo iandikieni sharti lake. "Saa 1 jioni" nayo, kwa wanaoisema hivyo, ihesabiwe na usiku.

Mengine nitayapitia haraka. Picha inayoonekana kwenye Windows na kupotea kwenye seva, angalia herufi kubwa na ndogo: Linux huona Picha.JPG na picha.jpg kuwa faili mbili. Ujumbe wa "headers already sent" mara nyingi hutokana na nafasi tupu kabla ya <?php, au baiti tatu zisizoonekana, ziitwazo BOM, ambazo kihariri huzibandika mwanzoni mwa faili. Hifadhi upya kama UTF-8 isiyo na BOM.

Kwa upande wa wanaojibu, nawashukuru, na nina madai. Msijibu faraghani, maana swali lile lile litarudi wiki ijayo kutoka kwa mwingine. Toeni sababu pamoja na msimbo, hata sentensi moja inatosha. Majibu yanayokopiwa kutoka kwenye programu za akili bandia yasiletwe bila kuendeshwa kwanza, na mtaje mmeyaendesha kwenye toleo gani la PHP. Yanaandikwa kwa kujiamini sana, na anayepotea ni mgeni asiyeweza kuyapima.

Kuhusu data za wateja, Kamati haitakuwa na mzaha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kumwaga kwenye kundi jedwali lenye majina na simu za wateja wa mtu ili usaidiwe hakukubaliki. Tengeneza mistari mitano ya majina ya kubuni, inatosha kuonyesha kosa. Nywila ikiponyoka kwenye kundi au kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo), ibadilishe papo hapo. Kufuta ujumbe hakusaidii, na Git hukumbuka kila kilichowahi kuhifadhiwa humo.

Mwezi Mei mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, intaneti ikazorota nchi nzima, na kazi zinazotegemea kupakua vifurushi vya msimbo kwa npm na Composer zikasimama. Kila mwanachama apakue mwongozo wa PHP abaki nao kwenye kompyuta. Upo bure, na wakati wa kukosa bando utakufaa vilevile.

Kwa mwaka 2025 ninayo hoja moja ya kupigiwa kura. Mwisho wa PHP 8.1 kupata marekebisho ya usalama ni tarehe 31 Desemba 2025, na matoleo ya nyuma yake yamekwisha kuachwa. Napendekeza kila mwanachama aorodheshe tovuti anazozihudumia na toleo la kila moja, orodha imfikie Katibu kabla ya mwisho wa Machi, ili wenye kazi nzito ya kuhama wagawiwe wenzao wa kuwasaidia. Kuhamisha kufanyike kwanza kwenye nakala ya majaribio, na nakala ya akiba ya faili na ya kanzidata iwe imejaribiwa kurudishwa.

Naomba kuwasilisha.