Barua kwa meneja: "Nunua kubwa, okoa zaidi" si kweli

Pasua, Moshi

Kwa Meneja wa Duka

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TANGAZO LENU KWENYE RAFU YA SABUNI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama saba. Tunachangishana, tunanunua vitu kwa pamoja, kisha tunagawana. Jumamosi tulinunua dukani kwenu mfuko wa sabuni ya unga wa kilo tatu na nusu kwa shilingi 17,500. Tuliuchagua kwa sababu juu yake mmebandika karatasi nyekundu: "Nunua kubwa, okoa zaidi".

Tuligawana kwa mizani, kila mmoja nusu kilo. Kilo tatu na nusu ni nusu kilo saba, hivyo kila mama alitoa 2,500. Sasa pakiti ya nusu kilo ya sabuni ileile, kwenye rafu ileile, mnaiuza 2,400, na ya kilo moja 4,600. Mfuko wenu mkubwa unauzwa 5,000 kwa kilo! Tungechukua pakiti tatu za kilo moja na moja ya nusu, tungelipa 16,200. Tumezidishiwa 1,300 kwa kuamini tangazo lenu.

Mhudumu wenu aliniambia, "Mama, kubwa siku zote ni nafuu." Si siku zote. Unafuu unaujua ukigawa bei kwa uzito.

Kwenye mafuta ya alizeti mambo ni kinyume: huko kubwa ndiyo nafuu, lakini nako hujui mpaka upige hesabu. Chupa ya mililita 750 ni 5,100, ya lita moja ni 6,500. Ndogo inaonekana rahisi, lakini 750 ni robo tatu ya lita: 5,100 gawa kwa tatu ni 1,700 kwa kila robo, mara nne ni 6,800 kwa lita. Vibandiko vyenu havisaidii, kwani vingine vinaonyesha bei kwa kilo, vingine kwa gramu 100, na vingi havionyeshi kabisa. Nani atasimama kwenye rafu na kikokotoo, mtoto mgongoni?

Kwa mangi wa mtaani robo huwa ghali kidogo kuliko kilo, lakini anakwambia kabla hujatoa hela.

Uzito wa mfuko ulikuwa sahihi, kwa hiyo sina la kupeleka Wakala wa Vipimo. Tatizo ni tangazo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Naomba mrudishe 1,300 ya kikundi (risiti nimeambatanisha), mbandue karatasi ile, na kila kibandiko kionyeshe bei ya kilo moja au lita moja, kwa maandishi makubwa. Nisipojibiwa ndani ya siku 14 nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mweka hazina, kwa niaba ya kikundi