Mdogo wangu, weka kikokotoo chini kwanza

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Picha za daftari lako zimenifika, na usiku huu nimezipitia zote, ukurasa kwa ukurasa. Umeniandikia kwamba fizikia imekukataa. Neno hilo limeniuma, kwa sababu ninachokiona humu ndani ni kitu kingine kabisa: sheria ya Coulomb, ile ya kani kati ya chaji mbili za umeme, umeiandika sawasawa kila mahali, kuzidisha hukukosea, na bado alama zimepotea. Nilipita njia hiyohiyo mwaka wangu wa kwanza.

Tuchukue swali la nne, kwa maana karibu kila kitu kimo humo. Chaji ya +4 mikrokulombi (mikro ni sehemu ya milioni, 10⁻⁶, na kulombi ni kizio cha chaji) iko kushoto, chaji ya −1 mikrokulombi iko kulia, na kati yake kuna sentimita 30. Umeulizwa kani inayoikabili kila chaji. Umeingiza alama zote kwenye kanuni, ukapata niutoni −0.4, kisha ukaandika kwamba kani zote mbili zinaelekea kushoto.

Hebu soma tena hiyo alama ya kutoa. Inakwambia kwamba chaji hizi zinavutana, basi. Kanuni haijui kushoto wala kulia; hayo yamo kwenye mchoro, na wewe hukuchora. Ungechora vidoti viwili tu ungeona papo hapo kwamba +4 inavutwa kulia na −1 inavutwa kushoto, kila moja kwa niutoni 0.4. Ndiyo, sawa kwa sawa, ingawa moja ni kubwa mara nne. Kila moja inaivuta mwenzake kwa kani ileile, kama sheria ya tatu ya Newton inavyodai.

Kwa hiyo, kwenye kani na kwenye uga (yaani kani ambayo kila kulombi ya chaji chanya ingeipata mahali fulani), mimi nakushauri uache alama nje ya kanuni. Tafuta ukubwa kwa namba chanya tupu, na mwelekeo uupate kwa mshale uliouchora kwa mkono wako kabla hujagusa kikokotoo.

Sasa sehemu ya pili, ambayo nimeirudia mara tatu. Uga wa umeme ni sifuri wapi? Umeandika 4/(30 − x)² = 1/x², ukipima x kutoka kwenye chaji ya −1 kuelekea kushoto. Umepata majibu mawili, 10 na −30. Ukachagua 10, na hili la −30 ukalikata kwa mstari na kuandika pembeni "haliwezekani".

Mdogo wangu, ulilolikata ndilo jibu!

Simama pale kwenye sentimita 10, katikati ya chaji, ukiwa na chaji ndogo chanya ya kujaribia. Ile +4 inaisukuma kwenda kulia. Ile −1 inaivuta, kwenda kulia pia. Ukubwa wa nyuga hizo mbili ni sawa kweli, mlinganyo haukudanganya, lakini mishale inaelekea upande mmoja, kwa hiyo zinajumlika: takriban niutoni 900,000 kwa kulombi kutoka kila chaji, jumla 1,800,000. Ulipaandika sifuri mahali ambapo uga ni mkali sana. Sasa nenda sentimita 30 kulia kwa −1, yaani sentimita 60 kutoka +4. Hapo moja inasukuma na nyingine inavuta, na umbali mara mbili unapunguza uga wa ile kubwa mara nne, sawasawa na ukubwa wake. Zinafutana. Kushoto kwa +4 hakuna haja ya kutafuta: huko uko karibu na chaji kubwa daima, na ile ndogo haiwezi kuifikia.

Mlinganyo ulisawazisha ukubwa tu. Kuchagua jibu lipi lina maana ni kazi ya mishale.

Jambo moja dogo kuhusu mikro. Kwenye swali la pili umesahau kuiweka 10⁻⁶ kwa chaji zote mbili, na jibu likavimba mara 10¹². Kumbuka kwamba kulombi 1 ni chaji kubwa mno: mbili za namna hiyo zikiwa mita 1 kutoka kila moja zinasukumana kwa niutoni bilioni 9 hivi. Coulomb mwenyewe, alipopima kwa mizani yake ya msokoto mwaka 1785, alikuwa akishughulika na kani ndogo zinazosokota uzi mwembamba. Ukipata niutoni mabilioni kwenye swali la vitufe viwili, rudi kwenye vizio.

Na ukifika kwenye potenshali, yaani nishati kwa kila kulombi ya chaji mahali fulani, utahitaji kubadili mwenendo, nisije nikakupoteza. Potenshali haina mwelekeo, kwa hiyo pale alama zinaingia kwenye kanuni na zinafanya kazi yote. Kwa chaji zetu hizihizi, potenshali ni sifuri sentimita 6 kutoka −1 ukielekea kwenye +4, na tena sentimita 10 upande wake wa nje. Linganisha na ile 30 ya uga. Ni sehemu tofauti kabisa, na usiruhusu mtu akuambie kwamba potenshali ikiwa sifuri basi uga nao ni sifuri.

Swali la tano sijaligusa, nimekuachia. Wamekupa elektroni, chaji hasi, kwa hiyo itakwenda kinyume na mshale wa uga. Chora mshale wa uga kwanza, halafu wa kani, kwa rangi mbili, kisha nipigie picha ya mchoro huo kabla hujaandika namba hata moja. Nitakuwa macho.

Nduguyo akupendaye