Kwa mliosema mwaka wa kwanza ni wa kupasha misuli

Wanangu wa kikundi cha sayansi, Mamboleo,

Jumapili iliyopita, tukiwa chini ya ule mwembe nyuma ya kanisa, mmoja wenu alisema mwaka wa kwanza chuoni ni wa kupasha misuli, mechi yenyewe huanza mwaka wa tatu. Mlicheka wote. Nami nilicheka, maana alilisema vizuri. Usiku usingizi ukanipaa.

Mnanijua kama mama wa kwaya. Wachache wenu wanajua kwamba kabla sijastaafu nilikaa miaka 27 katika ofisi ya mitihani ya chuo kikuu, nikiandaa transkripti, zile karatasi zinazoonyesha alama zote za mwanafunzi tangu mwaka wa kwanza. Nimepiga muhuri karatasi hizo nyingi kuliko chapati nilizopika maishani, na chapati nimepika.

Najua mlivyofika mlipo. Mlitaka udaktari. Katika hesabu ya KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, kilele ni pointi 48, na wanaochukuliwa udaktari huwa karibu na kilele hicho. Nyinyi mlipungukiwa kidogo, mkapelekwa biokemia, mikrobiolojia, zuolojia. Sasa mpango ni kumaliza BSc, digrii ya sayansi, kisha kuomba udaktari upya, hapa nyumbani au Marekani. Sina ugomvi na mpango huo. Ugomvi wangu ni na hiyo mechi inayoanza mwaka wa tatu.

Kuna binti mmoja alirudi dirishani kwangu miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Alikuwa na bahasha ya plastiki kifuani, kama mtu aliyebeba yai. Akaitoa transkripti, akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza, mstari wa kemia, palipokuwa na D na kinyota pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba chumvi kwa jirani: "Mama, hakuna namna ya kuuacha ukurasa huu?" Kurasa zilizofuata zilikuwa nzuri ajabu. Mwaka wa nne alikuwa na A karibu kote. Lakini transkripti hutoka nzima au haitoki, na yule wa ofisi ya usajili atakayeipokea huanza kusoma ukurasa wa kwanza, kama tunavyosoma sote.

Hicho kinyota nyinyi mnakiita sapu na kukifanyia mzaha hosteli. Ukianguka somo ukarudia mtihani, vyuo vyetu vingi hukuandikia 40 tu, hata kama safari ya pili umepata 75. Juhudi yako ya pili haionekani popote ila kwenye hicho kinyota.

Sasa chukueni kalamu. Tuseme mwaka wa kwanza umepata wastani wa 48, kwa sababu ya kupasha misuli. Kisha ukashtuka, miaka 3 iliyobaki ukapata 62 kila mwaka, kiwango cha sekondi apa, yaani daraja la pili la juu, bila wasiwasi. Jumlisha, gawanya kwa 4: ni 58.5. Hiyo ni daraja la pili la chini. Miaka 3 ya jasho imeshindwa kuubeba mwaka mmoja wa mchezo. Vipo vyuo vinavyoipa miaka ya mwisho uzito zaidi, basi someni kanuni za chuo chenu badala ya kuamini mnayoambiwa na komredi wa mwaka wa nne.

Kwa anayetaka kuomba MBChB, digrii ya udaktari, hapa kwetu akiwa na digrii, iwe Maseno, Moi kule Eldoret, au Egerton upande wa Nakuru, ombi hupelekwa chuoni moja kwa moja, na karo kwa kawaida ni ya kujilipia. Digrii isiyofika daraja la pili la juu huanza safari ikichechemea. Na msidhani digrii imefuta KCSE, mtihani wenu wa Form Four. Cheti hicho kitaombwa tena, na baolojia, kemia, fizikia au hisabati zitaangaliwa upya moja moja. Ukiipata nafasi, kwa kawaida unaanza mwaka wa kwanza na wenzako waliotoka Form Four juzi, miaka 6, kisha intanshipu.

Wenye macho Marekani nisikilizeni zaidi, maana huko ndiko uvumi umejaa. Kule udaktari husomewa baada ya digrii ya kwanza, na maombi ya vyuo vingi hupitia mfumo uitwao AMCAS. Mfumo huo hudai kila somo ulilowahi kusoma chuoni, na hukokotoa GPA, yaani wastani wa alama, mara mbili: ya masomo yote, halafu ya baolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake. Somo lililorudiwa huhesabiwa mara zote mbili. Kila mwaka una mstari wake, kwa hiyo anayesoma huona ulianzia wapi na ukaishia wapi. Wanaochukuliwa miaka hii wana wastani wa GPA karibu 3.8 kati ya 4, na karibu 512 katika MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari, ambao kilele chake ni 528. Huko nako hesabu haina huruma: mwaka wa kwanza ukipata 2.4, kisha ukapata 4 kamili miaka 3 mfululizo, unamaliza na 3.6.

Na lipo jambo ambalo mawakala wa masomo hawawaambii. Alama za chuo cha Kenya kwa kawaida haziingizwi katika GPA hiyo. Vyuo vingi vya udaktari vya kule hudai uwe umesoma mwaka mmoja au zaidi Marekani au Kanada kwanza, na vingi havipokei raia wa kigeni kabisa. Kwa hiyo transkripti yenu ya hapa itafanya kazi ya kuwafungulia mlango wa kwanza, wa chuo cha kawaida au ufadhili, ndipo mlango wa udaktari ufuate. Mtu aliyemchukulia mzazi wenu pesa za omena akisema ni njia ya mkato, mwulizeni hili moja tu, mtazame uso wake.

Mkituma karatasi nje, pigeni kopi pande zote mbili. Nyuma ya transkripti kuna ufunguo wa alama. Kwetu 70 ni A. Mmarekani akiiona 70 bila ufunguo anaona C. Nimeshuhudia kijana wa daraja la kwanza akijibiwa kama mvivu kwa sababu ya upande wa karatasi ambao mashine haikuupiga.

Sisemi alama ndizo mtu. Yule binti wa kinyota, muhula ule alikuwa akilala sakafuni katika hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, ile tunayoiita Russia, akimuuguza mama yake. Karatasi haikuwa na nafasi ya kuandika hayo. Nilimwambia ayaandike mwenyewe kwenye barua ya maombi, sentensi 3 bila kulia, kisha aache kurasa zinazofuata zizungumze, kwani alama zinazopanda mwaka hadi mwaka nazo huhesabiwa na wasomaji wenye akili.

La alama kupotea nitasema kwa aibu, maana ofisi yangu ilihusika. Mhadhiri anasafiri, bunda la karatasi linakaa kabatini, mwanafunzi anaandikiwa kistari mahali pa alama. Anayekuja muhula uleule akiwa na CAT zake, ile mitihani midogo ya katikati ya muhula, alizozihifadhi husaidiwa wiki hiyo. Anayekuja siku ya kushona joho, nimemwona akilia kwenye ngazi.

Na wengine wenu, nawachungulia tu, mmeanza kuipenda maabara. Kisian pale KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, wapo watu waliotumia maisha yao kuisumbua malaria bila kuwahi kuvaa stetoskopu. Usimwambie mama yako bado, lakini lifikirie.

Jumapili ijayo baada ya misa ya pili nitakuwa chini ya mwembe na miwani yangu. Leteni matokeo yenu ya muhula uliopita, yenye vistari na yenye vinyota, tuyapitie mmoja mmoja. Yule wa kupasha misuli aje wa kwanza, na ile ya kemia asiisahau nyumbani.

Mama wenu wa kwaya,
Mamboleo, Kisumu