Asiambiwe arudi akiona siku zake

Mhariri,

Kuna kauli inayosikika mno kwenye vyumba vya uzazi wa mpango. Mama mwenye mtoto wa miezi mitano anakuja kuomba sindano, anaulizwa hedhi ya mwisho ilikuwa lini, anajibu hajaiona tangu ajifungue, naye anaambiwa: "Nenda, ukiona siku zako ndiyo uje." Muuguzi anayesema hivyo hana nia mbaya. Anaogopa kumpa dawa mwanamke ambaye huenda ni mjamzito, na damu ya hedhi ndiyo ushahidi mwepesi kuliko wote. Lakini mama anayenyonyesha anaweza kukaa miezi minane, mwaka, hata zaidi bila kuona siku zake, na yai la kwanza linaweza kupevuka kabla ya damu ya kwanza. Akikutana na mwenzake siku hizo, ile damu aliyoambiwa aisubiri haiji. Anarudi kliniki kweli, ila safari hii anafungua kadi ya wajawazito.

Tunaomba nafasi katika gazeti lako kueleza kwa nini kauli hiyo iachwe, na nini kifanyike badala yake.

Mtoto anapovuta chuchu, neva hupeleka taarifa kwenye ubongo wa mama. Homoni ya prolaktini hupanda, maziwa hutengenezwa. Wakati huohuo sehemu ya ubongo inayoiamsha ovari (kifuko cha mayai) kwa mapigo ya homoni huvurugwa mpangilio wake, na mapigo yasipokuwa na mpangilio yai halipevuki. Kinacholizuia yai ni kule kunyonya kwenyewe, mara kwa mara, mchana na usiku, wala si wingi wa maziwa. Ndiyo maana mama mwenye maziwa tele ambaye mtoto ananyonya mara tatu kwa siku na kujaziwa uji huweza kuona hedhi mwezi wa tatu, huku jirani yake ambaye mtoto habanduki kifuani usiku kucha anamaliza mwaka hajaona tone. Asiyenyonyesha kabisa hana kinga hiyo: yai lake linaweza kupevuka tangu wiki ya nne baada ya kujifungua.

Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakakubaliana ni lini kunyonyesha kunaweza kutegemewa kama njia ya uzazi wa mpango. Masharti ni matatu na yote yatimie kwa pamoja: mama hajaona hedhi tangu ajifungue, mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, na mtoto hajafikisha miezi 6. Yakitimia, kinga ni zaidi ya asilimia 98. Likikosekana moja tu, mama ahesabu kwamba hana kinga.

Sharti la pili ndilo linalowaponyoka wengi. "Karibu pekee" maana yake zaidi ya robo tatu ya milo ya mtoto iwe ziwa. Dawa aliyoandikiwa au vijiko viwili vya maji haviondoi kinga hapohapo, ingawa maji hayo mtoto hayahitaji. Chupa ya maziwa ya ng'ombe asubuhi na uji mwepesi jioni vinaiondoa. Saa kati ya nyonyo na nyonyo zisizidi nne mchana na sita usiku. Mtoto anayesifiwa nyumbani kwamba "analala mpaka asubuhi" anampumzisha mama yake, na ovari za mama pia zinapata nafasi ya kuamka.

Kwa mama aliyeajiriwa, hesabu hii hugongana na sheria ya kazi. Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, au 100 kwa waliozaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Wiki 12 zikiisha anarudi kazini, na nyonyo za mchana zinaachana kwa saa nane au tisa. Sheria inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, lakini kwa anayeishi safari ya daladala mbili kutoka ofisini saa hizo huishia barabarani. Kukamua maziwa na kuyaacha nyumbani ni jambo jema sana kwa mtoto. Kwa uzazi wa mpango halitoshi, kwa sababu mkono au pampu haviamshi ubongo kama kinywa cha mtoto. Utafiti uliofanywa Chile kwa akina mama waliokuwa kazini na kukamua ulionyesha kwamba takriban 5 kati ya 100 walipata mimba ndani ya miezi 6. Anayerudi kazini aanze njia nyingine kabla ya kurudi.

Halafu kuna kuchanganya damu na damu. Damu ya uzazi hutoka wiki nne hadi sita: nyekundu siku za kwanza, kisha ya hudhurungi au waridi, mwisho uteute mweupe au wa njano. Si ajabu ikaongezeka kidogo kati ya siku ya 7 na ya 14, pale kondo lilipokuwa limeshika panapobanduka gaga lake, au mtoto anaponyonya na tumbo kunyonga. Kwa mama anayenyonyesha kikamilifu, damu yoyote ndani ya siku 56 za kwanza haihesabiwi kuwa hedhi. Baada ya hapo, damu ya siku mbili mfululizo ni hedhi, hata ikiwa kidogo, na kinga ya kunyonyesha imekwisha siku hiyohiyo. (Wanaouliza damu inayovuka siku 40 inaitwaje kwa ajili ya swala na funga, hilo ni la masheikh, sisi tunachotaka ni kuiona na kujua inatoka kwa sababu gani.)

Isiyosubiri ni hii: pedi au kitambaa kulowa chepechepe ndani ya saa moja kwa saa mbili mfululizo, mabonge makubwa kama yai la kuku, harufu mbaya, homa ya nyuzi 38 au zaidi, kizunguzungu, maumivu ya tumbo la chini yanayoongezeka. Mara nyingi ni kipande cha kondo kilichobaki au maambukizi ndani ya mfuko wa uzazi, na yanaweza kutokea hata wiki kadhaa baada ya mama kuruhusiwa hospitali. Hapo ni kituo cha afya usiku huohuo. Kumkanda kwa maji ya moto hakutoi kondo.

Hedhi zenyewe zikirudi, zisitegemewe kuwa kama za zamani. Ya kwanza huweza kuwa matone ya siku mbili au mafuriko ya siku saba, ya pili ikaja baada ya wiki tatu au miezi miwili. Baadhi huja bila yai kupevuka, nyingine yai limepevuka lakini nusu ya pili ya mzunguko ni fupi. Kuhesabu siku za hatari kwa kalenda katika kipindi hiki ni kujidanganya. Hedhi hutulia kadiri mtoto anavyopunguza ziwa. Siku chache kabla ya damu maziwa huweza kupungua kidogo na mtoto akasumbua, akavuta na kuachia. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, yatarudi.

Maziwa hayaharibiki kwa hedhi, na hayaharibiki kwa tendo la ndoa. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu hofu ya kumbemenda mtoto (kumdhoofisha kwa wazazi kukutana angali ananyonya) bado inawafanya akina mama waachishe ziwa mapema, au waume watafute pengine. Mtoto anayedhoofika baada ya wazazi kurudiana huwa ameachishwa ghafla, au anaharisha kwa chakula kichafu, au mama yake ameshika mimba upesi na nguvu zimegawanyika. Atibiwe hayo.

Sasa badala ya "rudi ukiona siku zako." Kuna maswali sita, yanamalizika kwa dakika mbili. Je, umejifungua ndani ya miezi 6, unanyonyesha maziwa pekee au karibu pekee, na hujaona hedhi? Je, hujakutana na mwanamume tangu ujifungue au tangu hedhi ya mwisho? Je, umejifungua ndani ya wiki 4? Je, hedhi yako ilianza ndani ya siku 7 zilizopita? Je, mimba imetoka ndani ya siku 7 zilizopita? Je, unatumia njia ya kuaminika bila kukosea? Akijibu ndiyo kwa moja, na hana dalili za mimba, apewe njia leo. Akijibu hapana kwa yote, apimwe mkojo. Kipimo kikiwa hasi anaweza kupewa sindano, kijiti au vidonge siku hiyo, atumie na kondomu siku 7 (kwa vidonge vya kichocheo kimoja, yaani homoni ya aina moja, siku 2), kisha kipimo kirudiwe baada ya wiki tatu au nne. Kitanzi peke yake ndicho kisubiri mpaka ijulikane hakika kwamba hana mimba.

Kuhusu njia zenyewe kwa anayenyonyesha: kitanzi huwekwa ndani ya saa 48 za kujifungua, vinginevyo kuanzia wiki ya 4. Kijiti na vidonge vya kichocheo kimoja vinaweza kuanza mapema. Sindano ya miezi mitatu tangu wiki ya 6. Vidonge vya vichocheo viwili vingoje miezi 6, kwani vinaweza kupunguza maziwa. Aelezwe kabla kwamba kijiti huweza kuleta matone yasiyo na ratiba, na sindano huweza kuikata hedhi kabisa. Asipoambiwa ataona matone adhani siku zimerudi, au hataona kitu adhani ana mimba, na katika hali zote mbili ataacha njia.

Waliokwisha kuachisha ziwa, wengi huona siku ndani ya wiki nne hadi nane. Miezi mitatu ikipita kimya, apime mimba kwanza. Ikiwa hana, na hayuko kwenye sindano, amwone daktari. Aliyemwaga damu nyingi sana wakati wa kujifungua, maziwa yakakataa kutoka, na sasa anachoka, anahisi baridi na nywele za kwapani zinapukutika, aseme historia hiyo yote, maana huenda tezi iliyo chini ya ubongo ilikosa damu siku ile. Ina dawa, lakini haigunduliki kwa kuulizwa hedhi peke yake.

Mwisho ni pengo la ratiba. Chanjo ni wiki 6, 10 na 14, kisha mtoto hana sindano nyingine mpaka ile ya surua na rubela ya miezi 9. Kinga ya kunyonyesha inakatika katikati ya pengo hilo, na wengi hawaji kupima uzito kila mwezi inavyotakiwa. Hivyo siku ya wiki 14 muuguzi aandike kwenye kadi, juu kabisa, tarehe ya kutimiza miezi 6. Mtoto wa tarehe 10 Machi atachanjwa katikati ya Juni. Iandikwe 10 Septemba, na mama achague njia kabla ya kutoka chumbani, aipate hapohapo au aondoke na kondomu na siku ya kurudi mapema kuliko tarehe hiyo. Septemba akija kwa matone ya vitamini A, asiulizwe kama ameona siku zake. Aulizwe ameanza njia gani.

Wakunga wa kliniki ya mama na mtoto,
Tanga